Linux ndogo: vifurushi vya kuweka kabla hujaiwasha upya kompyuta

Anayetaka Linux ndogo, yaani mfumo endeshi wa Linux wenye programu chache tu, kwa kawaida huanza kwa kuuliza akiondoe kifurushi (fungu la programu) kipi. Mimi, kwa kuwa kazi yangu ni kuandaa kompyuta kuukuu za maduka na saiba hapa Nairobi, humshauri aanze upande wa pili: ajiulize ni kifurushi kipi ambacho akikikosa leo hatakuwa na njia ya kukipata kesho. Zana kama htop na tmux, hata kivinjari, vyote vinaweza kusubiri, kwa sababu apt, programu inayopakua na kuweka vifurushi, itavileta wakati wowote atakaovitaka. Kisichoweza kusubiri ni kile kinachoifikisha apt yenyewe kwenye intaneti.

Nitazungumzia Debian, mojawapo ya aina za Linux, kwa kuwa ndiyo ninayoitumia. Ukiijenga kwa debootstrap, zana ya kuunda mfumo wa Debian kwa mkono, na kuchagua aina yake ndogo ya minbase, utapata vifurushi ambavyo Debian yenyewe imevitia alama ya lazima, pamoja na apt. Humo mna dpkg, bash, coreutils na tar, lakini hamna kerneli (kiini cha mfumo kinachoendesha vifaa), hamna GRUB ya kuipakia kerneli kompyuta inapowaka, hamna systemd ya kuanzisha huduma, wala hamna iproute2, ambayo ndiyo yenye amri ya ip ya kupanga mtandao. Mfumo wa namna hiyo unafaa ndani ya kontena, yaani sehemu iliyotengwa inayotumia kerneli ya mfumo mwingine, lakini hauwezi kuiwasha kompyuta. Ili iwake, ongeza linux-image-amd64, systemd-sysv, na grub-efi-amd64 ikiwa mashine inatumia UEFI (programu ya kisasa ya kuiwasha kompyuta), au grub-pc ikiwa ni ya BIOS ya zamani. Asiyetaka usumbufu huo atumie netinst, faili ndogo ya usakinishaji ya Debian, na, akifika kwenye ukurasa wa kuchagua makundi ya programu, aondoe alama zote. Atabaki na mfumo mdogo unaowaka, na kwa watu wengi hiyo ndiyo njia ninayoipendekeza.

Penye matatizo hasa ni mtandao. Vipakatalishi vingi vinavyouzwa madukani Luthuli Avenue na Moi Avenue vimeshatumika ng'ambo, na kadi zake za Wi-Fi mara nyingi hazifanyi kazi bila famwea, yaani programu ndogo ambayo kerneli huipakia ndani ya kadi kila inapowaka. Tangu Debian 12, iliyotoka Juni 2023, faili rasmi za usakinishaji huja na famwea hizo. Lakini anayejenga kwa debootstrap hapewi kitu: ni lazima aandike non-free-firmware katika orodha ya hazina za apt, kisha aweke firmware-iwlwifi kwa kadi za Intel au firmware-realtek kwa za Realtek. Juu ya hapo aweke wpasupplicant, inayoingia kwenye Wi-Fi kwa nywila, kwa sababu bila hiyo kadi itaziona Wi-Fi za jirani zote na isiweze kuingia hata moja yenye nywila ya WPA.

Ikitokea umewasha upya na Wi-Fi haipo, usikimbilie kuanza usakinishaji mwanzo. Chukua simu yenye bando, iunganishe kwa waya wa USB, kisha uwashe huduma yake ya kugawa intaneti kwa USB; kwa simu nyingi kerneli ya kawaida ya Debian itaiona kama kadi ya mtandao bila kuhitaji famwea yoyote. Anwani ya mtandao ya mashine unaweza kuipata kwa systemd-networkd, ambayo imo ndani ya systemd yenyewe na inahitaji faili fupi tu ya mistari michache. Kumbuka kuandika anwani ya seva ya DNS, inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba, katika /etc/resolv.conf, la sivyo utaweza kufikia anwani za namba na usiweze kufikia majina.

Jambo la pili ambalo watu hulidharau ni saa. Mashine kuukuu nyingi zimekufa ile betri ndogo ya ubao mkuu, na kila zikizimwa kwa muda, au stima ikipotea, hurudi miaka mingi nyuma. Apt ikiona orodha ya vifurushi yenye tarehe ambayo kwake bado haijafika, itaikataa, na mtu atadhani seva ndiyo mbovu. Systemd-timesyncd, ambayo tangu Debian 11 ni kifurushi cha pekee, huirekebisha saa kupitia mtandao na pia huhifadhi kwenye diski saa ya mwisho iliyojulikana, ili mashine ikiwaka tena isianze mbali mno. Mimi huihesabu kuwa ya lazima. Ukanda wa saa uwe Africa/Nairobi.

Kuhusu vifurushi vinavyopendekezwa, apt huviweka vyote bila kuuliza, na hapo ndipo mfumo unaponenepa. Kuvizuia kwa --no-install-recommends ni sawa, lakini sishauri kuufanya uamuzi huo uwe wa kudumu katika mipangilio kabla hujaizoea mashine. Ukiweka modemmanager, ya kusimamia modemu, kwa namna hiyo, kwa mfano, utakosa usb-modeswitch, na modemu nyingi za USB zitaendelea kujionyesha kama diski ya kuhifadhia faili badala ya kuwa modemu. Soma orodha ya mapendekezo kwanza, kisha uamue.

Yaliyobaki ni mepesi: sudo ya kutumia mamlaka ya msimamizi, nano ya kuhariri faili, less ya kuzisoma, na openssh-server ya kuingia kwa mtandao ikiwa mashine itakaa mbali nawe. Ca-certificates, yenye vyeti vya kuthibitisha tovuti, iwekwe mapema, kwani apt inaweza kuishi bila hiyo kwa kutegemea saini za vifurushi, ila curl na git zitakataa anwani za https. Kwenye mashine ya RAM ya 2 GB huongeza zram-tools, inayobana data ndani ya RAM ili nafasi itoshe zaidi. E2fsprogs usiiguse hata ukitafuta nafasi, maana ndiyo inayokagua diski ya ext4 (mfumo wa faili wa kawaida wa Debian) baada ya umeme kukatika ghafla. Man-db, ya kusoma kurasa za mwongozo wa amri, wengi huiondoa. Mimi huiacha, kwa sababu bando likiisha usiku, kurasa za man bado zinasomeka.

Mwisho, ukiridhika na mashine, endesha apt-mark showmanual na uhifadhi jibu lake kwenye faili. Orodha hiyo huonyesha vifurushi vilivyoombwa waziwazi, bila vile vilivyofuata kama tegemezi, nawe utaitumia kuandaa mashine itakayofuata.