Re: Zawadi za Krismasi ziko wapi kwenye Biblia?

Mkuu salama, kama nimekuelewa watoto wa sande skuli wamekubana zawadi za Krismasi zimeandikwa wapi, na mzee wa kanisa kakwambia ni upagani mtupu. Yalinikuta na mimi mwaka juzi. Anza na Mathayo 2:11, isome polepole, mamajusi (wale wataalamu wa nyota toka mashariki) wanaingia nyumbani sio zizini, wanatoa dhahabu, uvumba na manemane, na hakuna palipoandikwa walikuwa watatu, hao tumewahesabu sisi kwa zile zawadi. Ila ona, anayepewa ni mtoto Yesu, wao hawapeani, kwa hiyo ukiishia hapo tu watakubana tena.

Mzigo wenyewe, yaani hii desturi ya kupeana zawadi, uko kwa Mtakatifu Nikolao, askofu wa Mira, siku hizi ni Uturuki, karne ya 4. Inasimuliwa baba mmoja fukara alikosa mahari ya binti zake watatu (kule aliyetoa ni upande wa binti, sio kama kwetu), basi usiku Nikolao akawarushia dhahabu dirishani kimyakimya. Sikukuu yake ni 6 Desemba, ndo maana Waholanzi wengi wanapeana zawadi jioni ya tarehe 5.

Mzee naye hajakosea kote, Warumi walipeana mishumaa na vinyago vya udongo kwenye Saturnalia, sikukuu yao ya kipagani, Desemba hiyohiyo. Usibishane naye.

Mi darasani nilichoma ubani kwenye chetezo, ndo uvumba wenyewe huo, watoto walikohoa weee lakini mpaka leo hawajasahau. Fungua madirisha kwanza.