Mamba ni ndugu wa kenge au wa ndege?

SWALI: Shuleni tulifundishwa kwamba mamba, kenge, nyoka na kobe ni reptilia kwa sababu wana magamba, na ndege wana ngeli yao. Juzi nimesoma kwamba mamba ana undugu wa karibu zaidi na ndege kuliko kenge. Inawezekanaje, na kenge ndiye anayefanana naye?

JIBU: Ulichosoma ni kweli. Ulichofundishwa ni mpangilio wa zamani, uliotazama maumbile ya nje zaidi. Carl Linnaeus, aliyeweka misingi ya uainishaji, mwaka 1758 alimtia hata chura katika ngeli moja na mjusi. Baadaye walitenganishwa, na sababu kubwa ni yai: la chura hukauka likikosa unyevu, ilhali la mjusi lina tando na ganda vinavyotunza maji ndani, kwa hiyo hutagwa nchi kavu.

Leo tunauliza kwanza mnyama ametokana na nani, maana kufanana hudanganya. Nyangumi ana umbo la samaki, lakini hunyonyesha. Wapo mijusi wasio na miguu ambao watu huwaua wakidhani ni nyoka, na wengi wao wana kope na hupepesa macho, jambo ambalo nyoka hawezi.

Sasa mchunguze mamba kwa ndani. Moyo wake una vyumba vinne kama wa ndege. Wa kenge una vitatu. Mama mamba hulinda kiota kama ndege, na mayai yakianguliwa huwabeba watoto mdomoni hadi majini. Vinasaba navyo vinathibitisha: mamba na ndege wana mhenga mmoja aliyeishi miaka milioni 240 hivi iliyopita, baada ya ukoo wa kenge kushika njia yake. Dinosaria ni wa tawi hilohilo, na ndege ni dinosaria waliosalia. Magamba ya mamba na kenge ni urithi wa kale zaidi. Hata kuku anayo miguuni.

Kwa hiyo, ukitaka reptilia wawe ukoo kamili, yaani mhenga pamoja na wazao wake wote, ndege lazima waingie humo. Mimi naona ndivyo inavyopasa. Kenge hubaki na mijusi na nyoka, kundi (oda) lenye spishi zaidi ya 11,000, wakati mamba na jamaa zake hawafiki 30.

Aliyetusumbua kwa muda mrefu ni kobe. Fuvu lake lilifanya wengi wamweke kando kabisa, mpaka vinasaba vilipomsogeza karibu na mamba na ndege.