Oksijeni ambayo baba yako hakupewa

Mwanangu Omondi,

Swali lako nimelipata. Nimelisoma mara tatu, na mara ya kwanza nilikasirika, kwa hiyo nikaenda kufua kabla ya kulijibu. Umeniuliza hivi: "Mama, wewe umekuwa sista wa hospitali miaka thelathini na moja. Baba analetwa kasualti ameshika kifua, hawamwekei hata oksijeni, na wewe umeketi kwenye benchi umenyamaza. Kwa nini?" Naandika barua kwa sababu kwa simu tungegombana, na salio lingeisha kabla sijafika kwenye jambo lenyewe.

Baba yako hajambo. Leo asubuhi ametembea hadi dukani Kondele akarudi kwa miguu, na sasa analalamika kwamba samaki, ngege niliyempikia, hana chumvi. Hana, ni kweli. Na hatakuwa nayo.

Dada yako alikusimulia alichokiona, lakini kuna mambo ambayo hakujua kuyatazama. Kitu cha kwanza ambacho yule afisa wa kliniki alikifanya, kijana mdogo kuliko wewe, ni kumbana baba yako kidole kwa kile kibanio cha kupima oksijeni kwenye damu. Ikasoma asilimia 97. Nami niliiona kutoka pale kwenye benchi. Akampa aspirini ya miligramu 300, mzee akaomba maji ili ameze, akaambiwa, "Hapana mzee wangu, tafuna." Ungemwona alivyokunja uso. Karatasi ya ECG, ile mashine inayochora mapigo ya moyo, ikatoka, kijana akaisoma huku amesimama, akampigia daktari, na sindano ya kuyeyusha damu iliyoganda ikaanza kutayarishwa. Mtungi wa oksijeni ulikuwa umesimama kando ya kitanda. Hakuugusa. Nikajisemea, huyu amesoma.

Mimi nilifundishwa kinyume chake. Mgonjwa wa moyo akiingia, oksijeni kwanza, mengine baadaye. Ilionekana hesabu ya darasa la pili: moyo unakosa hewa, basi mpe hewa. Nikawafundisha wanafunzi wangu hivyo hivyo, na aliyesahau nilimfokea.

Lakini hebu fikiria matatu ya Kondele imejaa hadi mlangoni, na mbele kuna lori limeanguka likaziba barabara. Utawasaidiaje watu wanaosubiri huko mbele? Kwa kupakia abiria wengine? Damu ya mtu aliyesoma 97 ndiyo hiyo matatu. Imeshajaa. Kinachomuua ni lile lori, bonge la damu lililoziba mshipa wa moyo. Tena oksijeni ikizidi huibana ile mishipa ya moyo yenyewe, na hilo sisi hatukuambiwa.

Lakini hata mfano wangu wa matatu usiuamini kwa sababu ni mtamu. Ile hesabu ya darasa la pili nayo ilikuwa tamu. Waswidi waliamua kuhesabu watu. Walichukua wagonjwa 6,629 walioshukiwa kuwa na mshtuko wa moyo, wote wakiwa na kipimo cha 90 kwenda juu, wakawagawa kwa bahati nasibu. Nusu walivalishwa barakoa, lita sita kwa dakika, kwa saa sita hadi kumi na mbili. Nusu walivuta hewa hii yetu ya bure. Matokeo yalitangazwa 2017. Baada ya mwaka mmoja, kati ya waliopewa oksijeni 3,311 walikuwa wamekufa 166. Kati ya 3,318 ambao hawakupewa, 168. Nilikuwa nimeshastaafu niliposoma takwimu hizo. Nilikumbuka mitungi yote niliyoisukuma nikaweka karatasi chini.

Utauliza kwa nini bahati nasibu, kama watu wanaocheza kamari. Kwa sababu mimi sista nikiachiwa kuchagua, yule anayehema vibaya nitamkimbilia na mtungi, na yule anayetabasamu nitamwacha. Mwisho wa mwaka tukihesabu, wa mtungi watakuwa wamekufa zaidi, na hatutajua kama ni mtungi au ni hali waliyoingia nayo. Ndiyo maana mkono wa mtu unaondolewa.

Sasa nikuambie jambo ambalo hata baba yako hajalisikia.

Mwaka 1994 nilikuwa zamu ya usiku katika hospitali ambayo sitaitaja. Aliletwa mwanamume mwenye duka la vipuri vya baiskeli, jasho linamtiririka, ngumi kifuani. Nikaukimbilia mtungi. Ulikuwa mtupu. Mwingine ulikuwa mwisho wa korido, ule mkubwa mweusi wa magurudumu mawili, gurudumu moja halizunguki. Nikauburuta. Spana ya kuufungulia, ambayo tulikuwa tukiifunga shingoni mwa mtungi kwa kipande cha bandeji, haikuwapo; bandeji ilikuwepo, imekatwa. Nikatafuta wodi ya wanaume, nikatafuta wodi ya watoto, nikaipata kwenye droo ya mabomba ya sindano. Niliporudi na mtungi ukaanza kulia ssss, nilijisikia nimefanya kazi.

Muda wote huo kopo la aspirini lilikuwa kwenye toroli, hatua tatu kutoka kitandani pake. Nilimpa baada ya barakoa. Saa sikuitazama, kwa hiyo siwezi kukuambia nilipoteza dakika ngapi. Alifariki kabla ya alfajiri. Sisemi kidonge kingemwokoa. Nasema nilianza na kile kilichopiga kelele.

Na mwaka huo habari ya aspirini ilikuwa na miaka sita. Utafiti wake ulitoka 1988, unaitwa ISIS-2, hospitali 417, wagonjwa 17,187. Nusu walipewa aspirini ya miligramu 160 kila siku kwa mwezi, nusu kidonge kisicho na dawa, na wala mgonjwa wala sista hakujua kipi ni kipi. Katika majuma matano, vifo vya moyo na mishipa vilikuwa 804 upande wa aspirini na 1,016 upande wa pili. Dawa ya kichwa ya shilingi chache! Na waliopewa aspirini pamoja na streptokinesi, dawa ya kuyeyusha bonge, walikufa asilimia 8, dhidi ya asilimia 13.2 ya wale ambao hawakupata hata moja.

Utafiti huo una kichekesho kimoja ninachokipenda. Wenye jarida waliwataka watafiti waonyeshe dawa inafanya kazi kwa kundi gani na kundi gani. Wao wakajua mchezo huo una hatari, kwamba ukikatakata watu katika mafungu mengi hutakosa fungu la uongo. Basi wakawagawa pia kwa nyota za kuzaliwa. Ikatokea kwamba aspirini haiwafai waliozaliwa chini ya Mapacha na Mizani. Wakaichapisha hivyo hivyo, ili watu wacheke na wajifunze. Baba yako ni wa tarehe 12 Juni. Ni Mapacha huyo. Nilipomsimulia akasema ndiyo maana kidonge kilikuwa kichungu.

Umeandika pia kwamba "angalau wangempa kitu cha kutuliza mapigo". Mashine ilikuwa ikionyesha mapigo ya kurukaruka hapa na pale, na dada yako aliogopa. Hapo ndipo penye kisa cha kutisha kuliko vyote. Marekani, miaka ya themanini, walijua kwamba waliopata mshtuko wa moyo wakibaki na mapigo ya kurukaruka hufa zaidi. Kulikuwa na vidonge vya kuyatuliza, enkainidi na flekainidi, na vilifanya kazi hiyo barabara: karatasi ya ECG ilinyooka ikapendeza. Vikaandikiwa watu wengi. Halafu ukafanyika utafiti, CAST, wa kuona kama vinaokoa maisha. Sehemu hiyo ilisimamishwa kabla ya wakati, 1989. Waliopewa dawa walikuwa 755, wakafa 63. Waliopewa kidonge kitupu 743, wakafa 26. Kwa miezi kumi tu, kwa wastani. Daktari aliyekuwa akiandika dawa hizo hakuwa mwovu. Alikuwa akitazama karatasi safi, na mgonjwa mmoja akianguka nyumbani, daktari alidhani ni ule ugonjwa wake. Kitandani huwezi kuliona jambo hilo, hata ukae miaka thelathini na moja.

La Nairobi, kwa nini hatukumkimbiza huko, nitalijibu kwa ufupi, maana uliliweka mwishoni kama mtu anayeogopa. Kuzibua mshipa kwa puto na kuweka stenti, kibomba kidogo cha kuushikilia uwe wazi, ni bora kuliko ile sindano ya kuyeyusha bonge; tafiti 23 zilipojumlishwa mwaka 2003, vifo vya siku za mwanzo vilikuwa asilimia 7 kwa puto na 9 kwa sindano. Lakini ubora huo ni wa puto lililo karibu. Kama huwezi kufika ndani ya dakika 120, sindano ianze hapo ulipo. Kutoka Kisumu hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 300, mwendo wa saa nyingi usiku, na msuli wa moyo unakufa njia nzima. Alichomwa sindano hapa, maumivu yakashuka, kesho yake akapelekwa kupigwa picha ya mishipa, na stenti ikaingia bila mtu kukimbia. Tulichokosea ni sisi wa nyumbani. Alianza kuumwa saa kumi na mbili jioni akidhani ni asidi, akanywa maziwa, na mimi sista mzima nikamwamini kwa saa mbili. Kama unataka kunilaumu, nilaumu hapo.

Kwa hiyo pale kwenye benchi sikuwa nimelala. Nilikuwa nikikitazama kile kibanio. Kingeshuka chini ya 90 ningeinuka mwenyewe nikafungue mtungi, na kijana yule angenisamehe. Hakikushuka.

Dada yako anasema utakuja Desemba. Karibu. Baba yako amekutumia ujumbe wa siri umletee ng'onda kutoka Mombasa. Nimeuona kwenye simu yake. Usithubutu.

Mama