Vunja kijiti kabla hujachonga upinde

Upinde wangu wa tatu niliuchonga kwa mti ambao hata jina lake silijui. Ulikuwa mgumu na mzito, nikaona yatosha. Siku ya kwanza kuuvuta hadi mwisho ulipasuka juu kidogo ya mshiko, na kipande kikapita karibu kabisa na sikio langu. Nilipookota vipande nililiona kosa: mgongoni nilikuwa nimepitisha randa ili panyooke, nikazikata nyuzi za mti.

Kwa wageni wa kazi hii: mgongo ni upande unaotazama shabaha, tumbo linakutazama wewe. Ukivuta upote, mgongo unanyooshwa na tumbo linabanwa. Mgongo wenye nyuzi zilizokatwa utaachia hapo hapo, hata mti uwe bora namna gani. Kwa mti usioujua, njia salama ni kubandua gome taratibu na kuufanya uso ulio chini yake ndio mgongo, bila kuugusa tena kwa chuma. Penye kifundo acha kinundu chake.

Swali la "mti huu unafaa?" muulize mti wenyewe. Toka gogo lile lile pasua kijiti chembamba kama kidole, urefu wa sentimita 30, ukikaushe vizuri, kisha ukikunje polepole mpaka kivunjike. Tazama pale kilipovunjikia. Kikichanika vibanzi virefu kama kamba iliyokatika, furahi. Kikikatika mara moja kama chaki, achana na gogo hilo. Kama hakivunjiki ila kinabaki kimepinda, tumbo lake ni dhaifu. Upinde wa mti huo uchonge mpana zaidi.

Kabla ya kukivunja, kisimamishe ndani ya maji kwenye chombo chembamba. Kikizama sentimita 20 kati ya 30, mti una uzito wa takriban theluthi mbili ya maji. Mti mwepesi kuliko huo nauachia upana wa sentimita 5 au zaidi, na urefu wa sentimita 180 kwa mvuto (umbali toka mshiko hadi upote ukiwa umevutwa) wa sentimita 70.

Kwa nini upana, si unene? Ukizidisha upana mara mbili, nguvu inaongezeka mara mbili. Ukizidisha unene mara mbili, inaongezeka mara nane. Ndiyo maana kukwangua sehemu moja tu ya kumi ya unene kunakuondolea zaidi ya robo ya nguvu. Hapa ndipo wanafunzi wengi wanapoharibu: wanakwangua kwa pupa.

Gogo likiwa bichi, paka ncha zake rangi au gundi ya mbao siku hiyo hiyo, na mgongo pia kama umebandua gome. Lipasue, liweke kivulini, ulipime kwenye mizani kila wiki. Uzito ukiacha kushuka, anza. Vaa barakoa unapopiga msasa, maana vumbi la miti mingine ni sumu.

Kazi ya kusawazisha mikono ya upinde ipinde sawa haitaki haraka. Vuta kidogo, mara 30 hivi, tazama mikono yote miwili ya upinde inavyopinda, kwangua pale palipo pagumu tu, vuta tena. Usivute hata mara moja kupita nguvu unayoikusudia. Ukiona tumboni mistari myembamba iliyokatiza nyuzi, kama alama za ukucha, mti unasagika hapo. Usipaguse tena, kwangua pande zake ili mzigo uhamie huko.

Nusu ya pili ya lile gogo langu ilikuwa bado imeegemea ukutani. Nilivunja kijiti chake kwanza, kikachanika vibanzi virefu. Nikachonga upya, safari hii mgongo ukiwa kama ulivyotoka chini ya gome, na kinundu kimoja karibu na mshiko nimekiacha. Upinde huo ndio ninaotumia mpaka leo.