Saa kumi na moja alfajiri, kwenye meza ya jikoni

Mhariri, wiki jana uliuliza: "Mwandishi wa hadithi huzaliwa au hutengenezwa?" Ukaongeza kwa herufi ndogo kwamba unataka mifano, si nadharia. Nadharia sina. Nina gunia.

Gunia langu nalitandaza kandokando ya njia hapa katikati ya Nairobi, si mbali na Barabara ya Tom Mboya, na juu yake napanga vitabu vya mitumba. Biashara yetu watu wameibandika jina la "Inama", kwa sababu rafu hatuna: ukitaka kitabu, unainama. Huu ni mwaka wangu wa kumi na tisa. Waandishi wamekuja na kupotea juu ya gunia hilo, ila kuna jina moja ambalo halijawahi kukosekana: Mary Higgins Clark, Mmarekani mwandishi wa riwaya za taharuki. Vitabu vyake utavijua kwa mbali. Jina lake limeandikwa kubwa kuliko hata jina la kitabu, kwa herufi za kung'aa zilizochubuka pembeni, na ukifungua ndani huenda ukakuta muhuri wa maktaba ya mji fulani wa Marekani, na tarehe za kuazima zimepigwa safu kama hesabu za chama. Kitabu kimesomwa na watu thelathini kabla hakijavuka bahari, na hapa kitasomwa na wengine thelathini.

Jibu langu basi ni huyo mama. Alitengenezwa. Na nitakuambia saa ngapi na wapi.

Alizaliwa mkesha wa Krismasi mwaka 1927, mtaa wa Bronx, New York. Babake alikuwa mhamiaji kutoka Ireland, mwenye baa. Ulipofika ule mdororo mkuu wa uchumi, baba akapunguza wafanyakazi na kazi zao akazifanya mwenyewe, usiku na mchana. Mwaka 1939 alilala na hakuamka. Mary alikuwa na miaka 11.

Sasa hapa nataka tutulie kidogo, maana wanaosimulia maisha yake huruka haraka hadi kwenye mamilioni. Mama yake Mary alitafuta kazi, akakosa. Alichofanya ni kile ambacho mjane yeyote wa Eastlands hapa Nairobi angefanya: alipangisha vyumba. Akaweka tangazo kwamba kuna vyumba vyenye samani, na mpangaji ana ruhusa ya kutumia jiko. Mary akatoka kwenye chumba chake ili kipate mpangaji. Aliyekua hivyo anajua. Unajifunza kutambua mtu kwa nyayo zake ngazini. Unajua nani anaoga muda mrefu, nani anapokea barua na kuzisoma amesimama mlangoni, nani ni mpole mno kwa mama yako. Wageni wanalala chini ya paa lenu, wanachemsha chai kwenye sufuria zenu, nawe huwajui. Hatimaye familia ilipoteza hata nyumba hiyo. Miaka mingi baadaye, mwaka 2002, alipoandika kumbukumbu za maisha yake, kitabu alikiita Kitchen Privileges, yaani lile lile neno la kwenye tangazo: haki ya kutumia jiko.

Mimi nasema riwaya zake zote ziko ndani ya tangazo lile. Mgeni ndani ya nyumba, na jikoni.

Wanaoshikilia kwamba mwandishi huzaliwa watakuonyesha kwamba alianza kuandika shajara akiwa na miaka saba. Sawa. Watoto wengi huandika shajara. Wangu mmoja aliandika mpaka alipopewa simu.

Kaka yake Joseph alijiunga na jeshi la majini wakati wa Vita vya Pili akafa kwa homa ya uti wa mgongo kabla hata ya kwenda vitani. Mary akasomea uhazili, akafanya kazi ofisini, kisha mwaka 1949 akaacha mshahara mzuri akawa mhudumu wa shirika la ndege la Pan Am, kwa sababu rafiki yake aliyefanya kazi hiyo alilalamika mbele yake kuhusu joto la Calcutta. Fikiria: mtu analalamikia joto, wewe unasikia jina la mji tu. Alizunguka na ndege mwaka mmoja, kisha akaolewa na Warren Clark, jirani yao wa zamani.

Akiwa ameolewa ndipo akajiandikisha katika darasa la uandishi Chuo Kikuu cha New York. Mwalimu aliwapa njia ambayo, kwa maoni yangu, inatosha shahada nzima: chukua jambo lililotokea kweli, kisha ujiulize, "Je, kama...?" Yeye alishawahi kuwa ndani ya ndege iliyotoka Prague wakati Wakomunisti wamekwisha kuishika Chekoslovakia. Je, kama mhudumu angegundua mzamiaji amejificha ndani ya ndege ile? Hadithi ilikuwa hiyo. Akaituma. Ikarudi. Akaituma tena. Ilimchukua miaka sita na majibu ya kukataliwa arobaini hivi mpaka jarida moja lilipoinunua mwaka 1956 kwa dola 100. Aliyezaliwa mwandishi haambiwi "hapana" mara arobaini, au akiambiwa, basi kuzaliwa huko kuna faida gani?

Mwaka 1964 Warren alikufa kwa ugonjwa wa moyo. Mama yake Warren, aliyekuwapo kando ya kitanda, alianguka akafa usiku ule ule. Misiba miwili ndani ya chumba kimoja, na watoto watano ndani ya nyumba.

Mary aliingia kazi ya kuandika vipindi vya redio, vile vifupi vya dakika nne. Wateja wangu hudhani haya ni mambo madogo. Si madogo. Dakika nne hazikuruhusu kueleza hali ya hewa. Fungua riwaya yake yoyote utazame sura zake: kurasa tatu, nne, halafu mlango unagongwa. Nimeona watu wakisoma sura ya kwanza wamesimama hapa kwenye gunia langu, wakaingia ya pili, na matatu yao ikaondoka. Ufundi huo ameutoa redioni, akilipwa kwa kipindi.

Kipindi cha redio kilikuwa cha mchana. Cha kwake mwenyewe kilikuwa alfajiri: saa kumi na moja hadi saa moja, taipureta ikiwa juu ya meza ya jikoni, halafu anainuka kuwaamsha watoto waende shule. Muda wa saa mbili kila siku. Hakuwa na chumba cha kuandikia, wala hakuwa akingoja moyo umtume. Watoto wakiamka, mwandishi amekwisha kwenda zake na aliyebaki ni mama anayetafuta soksi.

Kitabu chake cha kwanza kilichotoka katika saa hizo kilikuwa cha mapenzi ya George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, na mkewe. Kilianguka. Jina lake lilikuwa la kiroho kiasi kwamba watu walikidhania kitabu cha dini. (Kilipigwa chapa upya mwaka 2002 kwa jina jipya, naye akiwa maarufu, na safari hiyo kikauzika. Kitabu ni kile kile. Sisi wauzaji tunalijua jambo hili vizuri: jalada nalo ni mwandishi.)

Baada ya kuanguka huko alifanya jambo ambalo nalipenda kuliko yote katika maisha yake. Alikwenda kwenye rafu yake ya vitabu akaangalia yeye mwenyewe husoma nini. Akakuta hadithi za upelelezi na taharuki, rafu kwa rafu. Alikuwa akiandika vitabu ambavyo hata yeye asingevinunua. Ningepewa shilingi kumi kwa kila kijana anayeniletea mswada wa mashairi mazito huku mkononi ameshika riwaya ya mauaji aliyoinunua kwangu jana!

Mwaka 1975 ikatoka Where Are the Children?. Aliwaza kutokana na kesi halisi ya New York ya mama aliyeshtakiwa kuwaua watoto wake, kisha akauliza lile swali la mwalimu. Katika riwaya, mama aliyewahi kutiwa hatiani kwa kosa kama hilo ameachiliwa, amehama, amebadili rangi ya nywele, ameolewa upya Cape Cod, pwani ya Marekani, na kupata watoto wengine wawili. Asubuhi moja anatoka nje kuwaita. Hawapo. Kuna glavu moja nyekundu ya mtoto.

Glavu moja. Soma hapo ukiwa na mtoto amelala chumba cha pili, utainuka kwenda kumtazama. Mimi niliinuka.

Sisi wasomaji wa Kiswahili tulizoea taharuki ya aina nyingine. Joram Kiango wa marehemu Ben Mtobwa anapambana na majasusi, na wanawake wanamtazama akipita. Nampenda Joram, na kitabu chake kikiletwa hapa hakikai siku mbili. Ila mimi Joram simfahamu, sijawahi kukutana na mtu kama yeye. Wanawake wa Clark nawafahamu. Ni wanasheria, watangazaji, wajane, watu wanaotoka kazini jioni na kuhisi kwamba mlango waliufunga wenyewe asubuhi, mbona uko wazi. Na mapenzi yake nayo ni mapenzi ya mtu mzima: mwanamume anamletea maua, nawe msomaji unajiuliza amejuaje anapokaa. Kitandani haingii nao, damu haimwagi ovyo. Kuna shangazi wa kanisa anayenunua kwangu ambaye huulizia "yule asiye na matusi".

Kitabu kile cha glavu Clark alikiuza kwa dola 3,000, na baadaye haki za jalada jepesi zikaenda kwa dola 100,000. Cha pili, A Stranger Is Watching cha mwaka 1977, kilivuka dola milioni. Siku alipopata habari hiyo alikuwa chuoni Fordham, maana katika umri ule alikuwa amerudi darasani kusomea falsafa, na alihitimu mwaka 1979 kwa alama za juu kabisa. Alirudi nyumbani usiku na gari lake kuukuu, ekzosi imekatika inaburuzika barabarani njia nzima, kwa kelele. Kesho yake akanunua Cadillac, gari la kifahari. Sijawahi kumiliki gari, ila sauti ile ya ekzosi naisikia, na furaha ya kuisikia ikiburuzika ukijua kesho huna shida nayo.

Yaliyofuata yanajulikana: karibu kila mwaka kitabu, karibu kila kitabu kwenye orodha ya vinavyouzwa zaidi, nakala zaidi ya milioni 100 Marekani peke yake. Binti yake Carol, aliyeanza kwa kumpigia chapa miswada, naye akawa mwandishi wa riwaya za upelelezi, na wakaandika pamoja hadithi za Krismasi. Jambo hilo nalo watu wa "huzaliwa" hulishika kama ushahidi wa damu. Mimi naona msichana aliyekaa mbele ya taipureta ya mamake mpaka akajua kazi inavyofanywa. Mary aliolewa tena mwaka 1996, na alifariki Januari 2020 akiwa na miaka 92.

Sitadanganya kwamba vyote ni vizuri. Vya baadaye vinafanana. Ukishasoma kumi, yule mwanamume mwenye tabasamu, anayejitolea kumbebea mizigo, unamkamata ukurasa wa hamsini. Nikiulizwa cha kuanza nacho natoa vya kabla ya mwaka 1995, vingine navipunguza bei.

Nina mteja, muuguzi, namwita Sista kama kila mtu. Huja Ijumaa akielekea zamu ya usiku. Mwaka jana nilimuuzia Loves Music, Loves to Dance, kile cha mwaka 1991 ambamo wanawake wanajibu matangazo ya kutafuta wachumba magazetini, na maiti zao zinakutwa na kiatu kimoja cha kudansi. Shilingi 150. Jumatatu asubuhi alikuwa amesimama mbele yangu kabla sijatandaza.

"Mama Vitabu, umeniua."

Karatasi za mwisho hazikuwamo. Zilikuwa zimechanwa safi, na mimi sikukagua. Nikamrudishia pesa zake, akazikataa. Nikamwambia basi nikusimulie, kitabu nimekisoma. Akaziba masikio palepale njiani, watu wakapita wakitutazama.

Nilichukua wiki tatu kupata nakala nyingine, kwa mwenzangu wa upande wa pili wa barabara, ambaye alinipunja. Sista alipokuja kuichukua alitoa mkobani daftari la shule. Kurasa tisa, kwa kalamu ya bluu, mistari mingine imekatwa na kuandikwa upya juu yake. Alishindwa kungoja, akaandika mwisho wake mwenyewe wodini, katikati ya kupima joto na kubadilisha dripu. Nikasoma nimesimama. Sista hakumbaini kabisa muuaji wa kitabuni. Alimtia hatiani mwenye nyumba, mtu aliyemwingiza yeye mwenyewe kwenye hadithi, na alikuwa amemwandika vizuri kiasi kwamba nilimchukia kuanzia mstari wa kwanza, kwa jinsi anavyobisha hodi huku ameshaingia.

Nikamuuliza kwa nini mwenye nyumba.

"Mwaka huu amepandisha kodi mara mbili," akasema, akainama kutazama vingine.