"Paragon" na jiwe la sonara: kwa wanaoanza kutafsiri

Ukikutana na neno la Kiingereza "paragon", kamusi itakupa "mfano bora" na utashawishika kuendelea na sentensi inayofuata. Subiri kidogo, maana mfano unaweza pia kuwa mbaya, na neno hili halikubali ubaya.

Asili yake ni Kigiriki: "para", kando ya, na "akone", kinoo. Waitalia wakapata "paragone", jiwe jeusi la kupimia dhahabu, na kwa kupitia Kifaransa likaingia Kiingereza katika karne ya 16. Hapo jiwe lilikuwa limeshasahaulika, ikabaki sifa ya kitu ambacho vingine hupimwa kwacho.

Tazama sonara anavyofanya. Husugua pete juu ya jiwe mpaka ibaki alama ya manjano. Kando yake husugua sindano ya dhahabu ya kiwango kinachojulikana, tuseme karati 14, yaani sehemu 14 za dhahabu kati ya 24. Kisha hudondoshea alama zote mbili asidi iliyoandaliwa kwa karati hiyo. Asidi hula shaba na fedha zilizochanganywa humo. Alama ya pete ikififia na ya sindano ikabaki, pete ni hafifu.

Ndiyo sababu "a paragon of virtue" naona inakaa vizuri zaidi ikiwa "kigezo cha uadilifu": kigezo kina kupima ndani yake. "Kielelezo" nacho kinafaa, hasa katika masimulizi. Lakini katika Hamlet, Shakespeare anapomwita binadamu "the paragon of animals", kinachosemwa ni cheo, kwa hiyo "kilele cha viumbe" kinasikika vyema zaidi. Na "he is no paragon"? "Naye si malaika." Ukiandika "yeye si kigezo", msomaji atakwama.

Wengi hudanganywa na silabi ya mwisho, wakadhani ni ile ya "polygon". Ile inatokana na neno la Kigiriki la pembe. Hapa hakuna pembe yoyote.

Kagua pia mada ya matini. Kwa wauza vito, "paragon" ni almasi isiyo na dosari ya karati 100 au zaidi, na karati hapo ni uzito, gramu 0.2 kila moja, wala si usafi kama kwenye dhahabu. Kwa wapiga chapa wa zamani ni herufi za ukubwa wa pointi 20 hivi. Katika matini za namna hiyo liache "paragoni", ulieleze mara moja linapotokea kwanza.