Kichwa Kilichobingirika Mpaka Besi ya Pili

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmeuliza: ni kauli gani ya mtangazaji wa michezo, isiyo na mantiki, ambayo msomaji hawezi kuisahau? Yangu inatoka kwenye besiboli, mchezo nilioujua kwa redio nilipokuwa dereva wa teksi San Diego, Marekani.

Jerry Coleman, mtangazaji wa Padres, timu ya San Diego, aliteleza ulimi mara nyingi hata mashabiki wakaziita kauli hizo kwa jina lake. Inayosimuliwa zaidi ni ile ya mchezaji wa Padres, Dave Winfield, akiukimbilia mpira uliopigwa mbali: anarudi nyuma, anagonga kichwa ukutani, halafu kinabingirika kuelekea besi ya pili! Alimaanisha mpira; besi ni vituo ambavyo mkimbiaji huvifikia kimoja baada ya kingine. Kiingereza kina kiwakilishi kimoja kwa kichwa na kwa mpira, basi wasikilizaji wakaona kichwa cha mtu kikivuka uwanja. Nimejaribu kuisema kwa Kiswahili. Ngeli zetu zinakiokoa kichwa, maana mpira "unabingirika". Lakini ukuta nao ungebingirika kwa u- hiyohiyo! Ukitangaza kitu ambacho macho bado yanakifuata, lugha yoyote itakuangusha.

Kauli hiyo naipenda kwa dhati. Coleman aliwahi kuichezea Yankees, timu ya New York, akarusha ndege za kivita katika vita viwili, na mwaka 2005 akapewa Tuzo ya Ford C. Frick, heshima kubwa ya watangazaji wa besiboli. Alifariki 2014. Tulijua alichotaka kusema, na tulimpenda.

Inayonikera ni ile inayotamkwa kwa utulivu, kama hekima: "Leo hajapiga hata moja, sasa zamu yake imefika." Tuchukue mpigaji wa wastani wa .250, yaani hufanikiwa mara moja katika nne. Kushindwa mara tatu mfululizo si ajabu kwake. Zidisha robo tatu kwa robo tatu kwa robo tatu, utapata kama asilimia 42. Na akirudi mara ya nne, nafasi yake ni ileile robo. Mpira haujui kwamba anadai. Kijana anayesikia hivyo kila usiku atakuja kuamini kwamba bahati hulipa madeni, na kwenye kamari imani hiyo humaliza mshahara.

Ndugu yake ni ile ya besi ya bure. Mrushaji akipotosha mipira minne kwa mpigaji wa kwanza wa ngwe, yaani kipindi cha mchezo, mpigaji huyo hutembea tu mpaka besi ya kwanza, na mtangazaji huguna: hao wa bure ndio hufunga kila mara, afadhali angepiga. Afadhali vipi? Angefika kwa kupiga, angesimama pale pale, akiwa hajatolewa mtu bado. Mpaka leo sijasikia mtangazaji mwenziwe akimuuliza swali hilo hewani.